Congo Haiombe Njia

Papa Donat Kabwe alikuwa na ukorofi mmoja uliotufanya mtaa mzima tumcheke na kumheshimu kwa pamoja: hakuna mtu aliyetoka nyumbani kwake bila kuomba njia. Sisi wa Lubumbashi sote tunaijua adabu hiyo. Umekuja kwa mtu, umekaa, umeongea. Ukitaka kwenda, husimami tu ukaondoka. Unasema "naomba njia," na mwenye nyumba anakupa. Kwa wengi siku hizi ni maneno ya mdomoni. Kwa Papa Donat ilikuwa sheria, tena njia hakuitoa mara ya kwanza. Ukimwomba, anakwambia, "Kaa kidogo." Ukimwomba tena, anakuuliza unakwenda wapi na nani anakungojea huko. Ndipo anasema, "Njia iko, wende muzuri," na kukusindikiza hadi barabarani.

Siku moja padri mgeni wa parokia yetu alimaliza kinywaji chake, akaaga kwa Kifaransa, akatoka. Alikuwa amekwisha fika kwenye lango.

"Mon père!" Papa Donat akaita kwa sauti ya kusimamisha treni. "Urudie! Haukuomba njia!"

Padri akarudi, akaketi upya, akaomba njia, akaambiwa akae kidogo. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta nikishona, nikacheka mpaka nikajidunga sindano. Mimi ni jirani yao, Mama Nono, mshonaji wa nguo za wanawake, na ukuta kati yetu ni mfupi kiasi kwamba mambo ya kwao nayajua hata nisipotaka.

Tabia hiyo aliitoa kazini. Baba yake aliletwa na reli kutoka kaskazini mwa Katanga, na Donat naye akaingia kwenye reli, akawa mtu wa stesheni. Alitufafanulia mara nyingi, hata tulipokuwa hatukuuliza: treni haiondoki kwa sababu dereva amechoka kungoja. Stesheni inauliza stesheni ya mbele, ya mbele inajibu kwamba njia iko wazi, ndipo treni inapewa njia. Treni mbili kwenye reli moja, alisema, zote zina haki ya kusafiri, lakini hilo halizizuii kugongana. Alipostaafu, treni zikabaki chache, na yeye akabaki na sisi wa kutupa njia.

Asubuhi alikuwa akivaa koti na kwenda katikati ya mji, pale wanapotundika magazeti. Wanaume wanasoma vichwa vya habari bila kununua, kisha wanabishana wakiwa wamesimama. Tunawaita parlement debout, bunge la watu wasio na viti. Mke wake, Mama Brigitte, aliyekuwa akipika munkoyo, kinywaji cha mahindi, wa kuuza, alisema afadhali aende huko kuliko kubaki nyumbani akiwafundisha wateja wake adabu. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Aristote, waliyempata wakiwa wamekwisha kata tamaa. Alikuwa fundi wa simu, mpole, mwenye vidole virefu, na kila neno la baba yake alilisikiliza kama la kitabu.

Kisha Goma ikaanguka, na baada yake Bukavu. Hata sisi wa huku kusini, tuliozoea kuisikia vita ya mashariki kama mvua ya mbali, tulishindwa kumeza chakula. Watu walilia mbele ya televisheni. Kila mtu alijua jirani gani wa nchi yetu alivuka mpaka, na kila mtu alijua hakuomba ruhusa kwa yeyote. Pale kwenye magazeti swali likawa moja: sisi nasi tuvuke, tuipeleke vita kwake, au tungoje Umoja wa Mataifa, ile ONU, utoe kibali?

Niliwasikia mwenyewe wakibishana, kwa sababu Jumapili walihamia uani kwa Papa Donat. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Papa Stanislas, mwalimu mstaafu, rafiki yake tangu ujana.

"Mwizi aliingia mu nyumba yako," Papa Donat alisema. "Utaenda kwanza kwa chef wa mutaa kuomba ruhusa ya kumupiga?"

"Kumupiga mu nyumba yangu, apana, siombe muntu," Papa Stanislas akajibu. "Lakini kumufuata kwake, kuchoma nyumba yake na batoto bake ndani, pale nataka bashahidi. Yeye njo alivuka bila kuuliza. Na siye tukivuka bila kuuliza, tutamulaumu kwa kintu gani?"

"Batu banakufa, Stanislas! Banakufa na ba-ONU biko banaandika tu!"

"Sikukatala. Lakini Donat, wewe ulirudisha hata padri kwa sababu ya njia. Leo inchi yote unataka itoke bila njia? Treni ikitoka bila kuuliza gare ya mbele, inakutana na nini?"

Watu wakacheka. Papa Donat hakupenda kuchekwa kwa maneno yake mwenyewe. Akasimama, akapiga meza, bilauri za munkoyo zikaruka.

"Inchi yenye kupigwa haiombe njia kwa muntu! Sikieni bien: Congo haiombe njia!"

Wakapiga makofi, na mimi nikapiga makofi. Nitasema ukweli, lilikuwa neno tamu. Tulikuwa tumedharauliwa kwa muda mrefu, na mzee wa reli alikuwa ametupatia kitu cha kutamka tukiwa tumeinua kichwa. Kesho yake lilikuwa pale kwenye magazeti, na haikuchukua muda vijana wa pikipiki wakawa wanaliandika kwenye viti vyao. Papa Donat akirudi nyumbani, watu walimpigia honi. Alitembea akiwa amenyooka kuliko siku zote.

Jumapili moja iliyofuata redio ilikuwa mezani, na sauti ilikuwa ikisoma habari za kikao cha Baraza la Usalama. Wazee wote walikuwa wamelikaribia sanduku lile, kila mmoja akimnyamazisha mwenzake na hakuna aliyenyamaza. Aristote akatoka ndani. Alikuwa amevaa shati jeupe alilolivaa kwa misa, na mfuko wa shule begani. Akasimama nyuma ya kiti cha baba yake.

"Papa, naomba njia."

Papa Donat hakugeuka. Kidole chake kilikuwa hewani, kikimwonyesha Stanislas kwamba asubiri zamu yake. "Njia iko," alisema, "wende muzuri." Kisha akaendelea na Baraza la Usalama.

Aristote hakwenda mara moja. Alikuwa amelelewa katika nyumba ile, alijua njia haitolewi mara ya kwanza. Alibaki amesimama, akitazama kisogo cha baba yake, akingoja kuambiwa akae kidogo, akingoja kuulizwa anakwenda wapi. Hakuulizwa. Akamsogelea mama yake kwenye pipa la munkoyo, akamgusa bega, naye akadhani anakwenda kwa marafiki. Akatoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Jioni bukari yake, ugali wa kwetu, ilifunikwa, ikapoa. Simu ilipolia, Mama Brigitte aliweka sauti kubwa, kwa hiyo nami nilisikia. Aristote alikuwa kambini na vijana wengine waliojiandikisha.

"Unafanya nini kule?" baba yake akapiga kelele. "Nani alikupa ruhusa?"

"Weye, Papa. Niliomba njia, ukanipa."

Asubuhi Papa Donat na Papa Stanislas walikwenda hadi lango la kambi. Askari wa zamu alikuwa na heshima. Alimwita Papa Donat "ba papa" na kumpa kiti. Akamwambia mtoto ni mtu mzima, alitia saini mwenyewe, na zaidi ya hayo, mzazi gani leo anakuja kumtoa mwanawe wakati nchi inaliwa? Kisha, kwa kuwa hakumtambua, akamwambia kwa fahari neno analolisema kila mtu mjini: Congo haiombe njia. Papa Stanislas alinieleza kwamba Donat alishika mkono wa kiti kile kama anayezama.

Jeshi liliwapeleka vijana mashariki kabla mahindi hayajavunwa. Aristote alipiga simu mara chache. Mara ya mwisho alisema wako juu ya mlima na ng'ambo wanaiona nchi ya yule jirani. "Banatukataza kuvuka," alisema. "Banasema tungojee ordre ya bakubwa. Bale ba ngambo banavuka kila siku, bashiulize muntu. Papa, siye tunangojea njia ya nani?" Papa Donat alifungua mdomo, na simu ikakatika.

Siku hizo alikwenda mjini kuliondoa neno lake. Alisimama pale kwenye magazeti akawaambia alikosea. Alisema treni zote mbili zina haki, na zitagongana, na walio ndani ni watoto. Kwanza walidhani anatania. Kisha kijana mmoja akamwita traître, msaliti, na wengine wakaanza kuimba, wakirukaruka kumzunguka: Congo haiombe njia, Congo haiombe njia. Hao walikuwa vijana wageni pale, hawakujua ni nani aliyelizaa. Neno lilikuwa limemtoka na kuondoka bila yeye, na lilikuwa na watu wengi kuliko yeye. Alirudi nyumbani bila koti, na kwa mara ya kwanza niliona ni mzee.

Mimi sina elimu ya mambo ya mataifa. Nilimsikiliza Donat nikaona ana haki, nikamsikiliza Stanislas nikaona ana haki. Kinachonikasirisha hadi leo ni kwamba haikusaidia chochote. Wakubwa wa dunia walikaa, wakasoma maazimio, wakaenda kula. Wakubwa wetu hawakuvuka, wala hawakurudi nyuma. Na yule jirani hakuuliza. Mtoto aliwekwa juu ya mlima katikati ya hao wote, na mtu pekee duniani aliyetoa ruhusa iliyo wazi, kwa mdomo wake, alikuwa baba yake.

Askari aliyekuwa na Aristote ndiye aliyepiga simu. Walishambuliwa alfajiri, wakakimbia kila mtu upande wake. Aristote alionekana amelala chini karibu na mitambo ya simu aliyokuwa akiitengeneza. Hakuna aliyeweza kurudi kumchukua. Mlima ule sasa uko mikononi mwa wengine.

Kilio kilifanyika bila maiti. Tuliweka picha yake ya shati jeupe juu ya meza ileile ya redio. Padri, yuleyule wa siku ile, alisali, safari hii kwa Kiswahili. Mama Brigitte hakulia tena, macho yake yalikuwa yamekauka, na hakumsemesha mume wake, ila kila kitu alichohitaji alimwekea karibu. Wanawake tulipika. Wanaume walikaa, na kwa mara ya kwanza katika uwanja ule hakuna aliyebishana.

Siku ya kufunga kilio, mchana, jua likiwa bado juu, Papa Stanislas alisimama kwa niaba yetu sote. Alivua kofia.

"Donat, ndugu yangu. Tunaomba njia."

"Mukae kidogo," akasema Papa Donat.

Tukakaa. Ilikuwa desturi yake, na tulifurahi kidogo kuisikia. Baada ya muda Stanislas akasimama tena, akaomba tena. Tulingoja atuulize tunakwenda wapi.

"Mukae kidogo."

Stanislas alikaa, akasimama mara ya tatu. Padri naye akasimama, pengine kumsaidia. Papa Donat alikuwa akitazama lango. Midomo yake ilicheza, lile neno la "njia iko" lilikuwa pale, sote tuliliona, na halikutoka. Akatikisa kichwa kama mtoto. "Mukae kidogo," alisema, "mukae, mukae, munisamehe, mukae tu kidogo," na mikono yake ilikuwa imemshika Stanislas nguo.

Ndipo Mama Brigitte aliposema, kutoka mlangoni, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Ubaache bende, Donat. Mutoto wako ulimupa mara ya kwanza."

Stanislas alifungua vidole vya Donat kimoja kimoja, akavirudisha juu ya magoti ya mwenyewe. Tukainuka polepole, tukachukua viti vyetu, na tukatoka bila njia.