Kibuyu Kilichokaa Karibu na Meko

Tulikuwepo mimi, mume wangu, mtoto wetu mgongoni anayeota meno, na jirani zetu, bwana na bibi, waliokuja kula na kuonja tembo la mnazi: lao na letu, ambalo mume wangu alilisifu wiki nzima. Kwa desturi mwenyeji huonja kwanza. Nilionja, moyo ukanishuka. Kwa kubembeleza mtoto kutwa, nilikisahau kibuyu karibu na meko, tembo likachacha.

Bibi jirani akanitazama, akachukua kata, akaonja bila kukunja uso. "Shoga, siki ya samaki hii, usiwape walevi!" Akaimimina kwenye chungu cha samaki kilichokuwa mekoni.

"Na tembo langu?" mume wangu akauliza.

"Leo kunywa letu, shemeji, ulimi upumzike kujisifu."

Samaki wakasifiwa kuliko tembo. Mimi nilisinzia nimekaa. Nilipoamka, bibi jirani alikuwa ameshaosha vyombo.