Nilivyodanganya kwamba najua kompyuta bandarini Bujumbura, na neno moja lililotaka kunimaliza

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Mwenye chai aivute karibu, mwenye haraka apite kwanza, maana mi nikianza kuongea breki zangu hazishiki.

Haya yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa na jirani. Kama kuna uongo humu ndani ni ule niliousema siku ile, na huo ndio nimekuja kuutubia mbele yenu.

Juzi kuna dada aliuliza humu Enter ni nini na Delete ni nini, watu wakamcheka mpaka akafuta swali lake. Iliniuma. Nyie mlizaliwa mnajua?

Mtanivumilia na Kiswahili changu pia. Mi ni mtoto wa Buyenzi, huku tunakichanganya na Kifaransa na Kirundi bila kuomba ruhusa.

Sasa twende.

Ilikuwa miaka ya vita, karibu na 2000. Baba alikuwa fundi wa magari. Jeki ikateleza, gari likamkalia mguu, garaji ikafungwa. Nyumbani tulikuwa watu saba na hakuna hata mmoja mwenye kazi.

Mi nilikuwa na cheti kimoja tu, cha dactylo. Yaani kupiga taipu, zile mashine za chuma zinazolia ka-ka-ka.

Na nilikuwa mkali jamani, sijisifu. Mwalimu wetu, Madame Régine, alikuwa anatufunika mikono kwa kitenge tusione vitufe. Ukichungulia, rula inakushukia kwenye vidole. Kwa hiyo mi niliandika macho yakiwa kwenye karatasi tu. Kuangalia mikono kwetu ilikuwa aibu, kama kuchungulia sufuria ya mama mkwe.

Siku moja nikasikia kuna bwana bandarini anatafuta sekretari. Ofisi yake ilikuwa inatoa mizigo ya watu inayokuja na meli kutoka Kigoma. Jina lake Bonaventure, sisi wote tulimwita Patron.

Nikaenda. Mlangoni nikaambiwa nivue viatu.

Nikauliza, kuna msikiti humu? Mlinzi akanijibu hapana, kuna ordinateur.

Wakuu, ile kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha kuweka juu ya redio sebuleni. Patron aliifunua taratibu, kama anafunua uso wa bibi harusi. Ilikuwa imetoka Dar, imepita Kigoma, imevuka ziwa.

Akaniuliza, "Unajua hii mashini?"

Nikamjibu, "Najua sana, Patron."

Uongo mweupe! Mi kompyuta nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu. Lakini watu saba nyumbani, wewe ungesema nini?

Akanipa barua ya Kifaransa niinakili. Nikakaa, mgongo wima, macho kwenye karatasi. Vidole vikaanza kukimbia vyenyewe. Mwisho wa mstari mkono wangu wa kushoto ukapanda juu kusukuma ile chuma ya kurudisha karatasi, kama kwenye taipu. Haikuwepo. Nikapiga kikombe cha kahawa cha Patron, kikaenda chini.

Nikamwambia ndivyo tunavyopasha mkono moto.

Nikamaliza ukurasa mzima bila kuangalia ecran, yaani kile kioo, hata mara moja. Hapo ndipo nikainua macho.

Yaa Rabbi!

Mi nilijifunza clavier, yaani mpangilio wa vitufe, ya Kifaransa, herufi za kwanza juu ni A na Z. Ile ya Dar ilikuwa ya Kiingereza, inaanza na Q na W. A na Q zimebadilishana nyumba, Z na W vilevile, na M imehamia chini kabisa. Kwa hiyo kila nilipogonga A ilitoka Q. "Avec" ikawa "qvec". "Bujumbura" ikawa "Buju;burq". Ukurasa mzima hivyo.

Nikasema moyoni, Zaituni, vaa viatu urudi kwenu.

Patron akainama, akaisoma kimyakimya, midomo inatikisika. Akanigeukia macho yamemtoka.

"Eh! Unajua na Kingereza?"

Wakuu, ningefanya nini? Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye adabu.

"Kidogo tu, Patron."

Nikapewa kazi palepale.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Mtu akiletewa mzigo, sisi tunaandika karatasi yake: jina, mzigo gani, magunia mangapi, meli ipi. Moja inabaki bandarini, nyingine anaondoka nayo mwenye mzigo.

Zamani kwenye taipu tulikuwa tunaweka karatasi ya kaboni ili ofisi ibaki na kopi. Patron akaitupa kaboni. "Ya nini tena? Kila kitu iko ndani ya mashini."

Nami nikaitikia. Sikujua kitu.

Basi ikawa lazima nijifunze kwa siri, nikianza na A na Q zilikohamia. Juu ya ecran kulikuwa na maneno ya Kiingereza. La kwanza, File, mi nililisoma Kifaransa, nikaona ni foleni ya watu. Nikajiuliza nani anapanga mstari humo ndani.

Mungu akaniletea Issa. Huyu alikuwa karani kwenye meli ya Kigoma, Kiingereza alisoma shule. Meli ilikuwa inafunga gati mara moja kwa wiki. Kwa hiyo mi nilinakili maneno kumi kwenye daftari, meli ikifika nakimbia gatini, ananifafanulia haraka huku wapakuzi wanapita na magunia. Maneno kumi kwa wiki. Nayo yalikuwa yanashushwa na meli pamoja na chumvi.

Alinifundisha vizuri, Mungu amlipe.

Enter, unashuka mstari mpya. "Lakini usiibonyeze kila mwisho wa mstari, dada. Mashine inashuka yenyewe." Mi nilikuwa nakaa nasubiri kengele ya taipu ilie!

Backspace, unarudi nyuma huku unakula herufi moja moja. Delete nayo inakula, ila inakula za mbele.

Shift, unaishikilia kidole kupata herufi kubwa. Caps Lock, unaibonyeza mara moja na herufi zote zinakuwa kubwa mpaka uibonyeze tena. Nilimwandikia mteja mmoja karatasi nzima kwa herufi kubwa, akaja kuuliza amekosa nini.

Cursor, kale kamstari kanakopepesa. Kanakuonyesha herufi yako itaangukia wapi.

Cut unakata, Copy unanakili, Paste unabandika. Na Undo? Issa alicheka. "Hiyo ni toba, dada. Umekosea, unaibonyeza, inakurudisha ulipokuwa kabla hujakosea." Nikamwambia laiti ningeipata ya maisha.

Print nilijifunza mapema kwa sababu wateja walikuwa wanataka karatasi zao. Yaani mi nilikuwa naandika, naprint, nashuka mstari, naandika ya mteja mwingine palepale. Karatasi zote kwenye dirisha moja, ndefu kama njia ya kwenda Rumonge.

Na nilikuwa siizimi ile kompyuta. Sikujua ukiizima inakuwaje, na kitu usichokijua unakiacha kilivyo. Bandarini kulikuwa na jenereta, umeme hausumbui. Jioni nafunika kitambaa, naenda nyumbani mapema kabla ya saa ya kutotembea usiku, yenyewe inabaki inanguruma. Siku kumi hivyo.

Ijumaa moja asubuhi nafika, nafunua kitambaa. Ecran nyeusi.

Patron yuko mlangoni, anatabasamu.

"Jana niliishika mugongo, nikasikia inawaka moto kama moteri ya gari. Nikaihurumia. Nilitoa waya ya umeme ipumuzike."

Nikaiwasha. Nikatafuta. Nikatafuta tena. Karatasi za wateja kumi na mmoja, hakuna hata herufi.

Meli ilikuwa gatini, nikakimbia pekupeku mpaka kwa Issa. Nikamweleza. Akaniuliza taratibu, "Dada, ulisave?"

"Kusave ni nini?"

Akajishika kichwa kwa mikono miwili.

Wakuu, nilikuwa nimeliona lile neno Save kila siku. Kwenye daftari langu lilikuwa la kumi na mbili. Nilipanga kumuuliza wiki hii. Akaniambia, ukiandika bila kusave, maneno yapo kwa hisani ya umeme tu. Ukisave mashine inayaandika ndani yake, hata ukizima yanakungoja.

Nilikaa juu ya gunia nikalia. Sioni haya kusema.

Kisha nikarudi nikamweleza Patron yote. Kwamba karatasi hazipo. Kwamba sikujua kompyuta. Kwamba na kile Kiingereza hakikuwa Kiingereza.

Patron alikunja kile kitambaa cheupe kwanza. Halafu akasema, na hakupaza sauti, jambo ambalo liliniogopesha zaidi:

"Mukaguzi anakuja lundi saa mbili asubuhi. Anataka dosiye zote kumi na moja. Nikikosa moja, ofisi inafungwa. Zikuwe hapa juu ya meza, utabaki. Zikikosa, usirudie tena."

Lundi ni Jumatatu. Zile kopi zilizobaki bandarini tusingeweza kuzigusa, mkaguzi mwenyewe alikuwa amezichukua. Zilibaki zile walizoondoka nazo wateja.

Nikaanza kuzunguka mji.

Buyenzi nilipata nne kabla ya swala ya Ijumaa, hao ni watu wetu. Muuza sukari mmoja alikuwa ameibandika ukutani dukani, akaniambia niinakili palepale, hataki ipate kasoro. Mwingine mke wake alikuwa amefungia karanga. Tukaanza kuitafuta karatasi pakiti kwa pakiti, tukaipata kwenye ya mwisho, imelowa mafuta lakini inasomeka.

Jumamosi saa tisa nilikuwa na kumi.

Ilibaki ya Mama Spès wa Ruziba. Mama wa makamo, mfanyabiashara wa nyavu, aliagiza nyavu na taa za karabai kutoka Kigoma. Nikapanda baiskeli ya abiria. Njiani dereva ananiangalia.

"Ruziba? We dada hukusikia? Walipiga huko juzi. Watu walikimbia."

Tulipofika nyumba yake ilikuwa wazi, mlango hauna. Jirani mmoja aliyerudi kuchukua kuku wake akatuambia watu wako Kanyosha, kwenye uwanja wa kanisa.

Nitasema ukweli. Wakati ule nilikuwa sijamuwaza Mama Spès. Niliwaza karatasi yangu. Nilisema kimoyomoyo, mtu aliyekimbia risasi atabeba karatasi ya mzigo? Kazi imeisha, Zaituni.

Nilimkuta ameketi juu ya mkeka, mjukuu amelala mapajani. Alinitambua yeye kwanza.

"We si ule mutoto wa mashini?"

Nikampa pole. Nikaona haya hata kusema kilichonileta. Mwisho nikasema, nikimwambia kabisa kwamba kama haipo si neno.

Akaingiza mkono kifuani akatoa mfuko wa plastiki umefungwa kwa mpira. Ndani hakukuwa na hela. Hakukuwa na kitambulisho. Ilikuwa ile karatasi, imekunjwa mara nne.

"Nyavu zilibakia. Taa zilibakia. Nilikamata mutoto na hii."

Nikamuuliza, mama, kwa nini hii?

Akaifungua, akaweka kidole chini ya jina lake, ingawa hakujua kusoma zaidi ya hapo.

"Hii ni mimi. Toka nizaliwe jina yangu haijawai kuandikwa na mashini. Mutu akiuliza we ni nani, nitaonyesha nini?"

Nikakaa kwenye ukingo wa mkeka wake.

Sikumwomba anipe. Nilitoa daftari nikainakili, mstari kwa mstari, kwa kalamu. Nilipomaliza akanivuta mkono.

"Na we unayo pale? Hii ikilowa, nitakuta ingine kwa mashini yako?"

Mi nilikuwa nimeipoteza siku mbili nyuma. Nikamwambia, "Utaikuta, mama."

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa ofisini. Nikaandika zote kumi na moja, safari hii macho kwenye vitufe kama mwizi, na Madame Régine anisamehe. Mkaguzi akaja, akahesabu, akaondoka. Patron aliangalia meza, akaniangalia mimi, akasema kesho nisichelewe. Nilifanya kazi pale miaka sita.

Lakini watu hawajui ile asubuhi nilianza na nani. Nilianza na Mama Spès. Nikaandika jina lake, jina tu, hata tarehe sijaweka. Nikasave. Nikaizima kompyuta mwenyewe. Nikaiwasha tena.

Alikuwepo.

Funzo langu, wakuu: kama hujui, uliza siku ya kwanza, usingoje meli. Na wewe unayeandikia watu vitu vyao, usiseme ni karatasi tu.

Siku hizi nafundisha kompyuta akina mama hapa mtaani. Siwaanzishi na Enter wala Shift. Kila mmoja anaandika jina lake, anasave, anazima, anawasha. Wengine wanapiga vigelegele, wengine wanalia, darasa linachelewa kuanza.

Haya, zamu yenu. Wewe neno la kwanza la kompyuta ulilijuaje, na lilikugharimu nini? Semeni bila aibu, atakayecheka mtu mi mwenyewe nitamjibu.