Video Iliyomsinzisha Mama

Kazi yangu ni kutengeneza video fupi za kuelimisha watu: namna ya kufunga chandarua, namna ya kumpa mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari, mambo kama hayo. Mimi nakaa Mtoni, mama anakaa Kikwajuni, mtaa mwingine wa mji wetu, na kila video niliyoimaliza nilikuwa namtumia yeye kwanza kwenye simu yake. Kila mara alinijibu kwa sauti: "Mashaallah, mwanangu, nzuri sana." Sikuwahi kumuuliza aliitazama mpaka wapi. Nani anayepewa sifa akaanza kuzipekua?

Video niliyoipenda kuliko zote ilihusu sindano ya kisukari. Ilifunguka kwa picha za bahari ya Forodhani zilizopigwa kutoka angani, na tarabu laini chini yake. Kisha zikaja salamu, na salamu zetu mnazijua. Mkubwa wa mradi unaonilipa alitoa shukrani, akawataja wenziwe kwa vyeo vyao mmoja mmoja, asije mtu akanuna. Baada ya hapo nikaeleza kongosho ni kiungo gani. Maneno "dawa hii usiigandishe" yalikuja dakika ya nne. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa adabu: huingii nyumba ya mtu bila hodi.

Mama mwenyewe ana kisukari cha miaka mingi, na wakati ule ndiyo kwanza alikuwa ametolewa kwenye vidonge akaanzishiwa sindano. Asubuhi moja jirani yake akanipigia simu: mama anakunywa maji hayamtoshi, hawezi kusimama, na maneno yake hayaeleweki. Nilimkuta amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, midomo imemkauka. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Tukamkimbiza hospitali.

Siku ya tatu, alipopata nguvu, muuguzi alimuuliza, "Bi, dawa yako nyumbani unaiweka wapi?"

"Kwenye friza," mama akajibu kwa fahari. "Chini kabisa, chini ya barafu zangu za ukwaju. Hapafiki joto hapo."

Mama huuza barafu za ukwaju na za ubuyu, na watoto wote wa mtaa wanaijua friza yake. Kwake yeye, kitu cha thamani hutiwa kwenye friza: samaki wa wageni, tui la futari, na sasa dawa. Muuguzi alimweleza kwa upole kwamba dawa hii ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka, na kwamba muda wote ule alikuwa akijichoma bure. Halafu akanigeukia mimi, bila ubaya wowote. "Ipo video ya dawa hii, tena nzuri. Hamkuiona?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilipobaki peke yangu na mama nikamuuliza. Alicheka kwa aibu, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, n'nakwambia kweli. Ile nyimbo tamu, na bahari ile. Nlipofika kwa yule bwana anayeshukuru, usingizi ushanchukua. Nkajua tu ni nzuri, maana umeitengeneza wewe."

Nilitoka nje ya wodi nikalia. Kulala kwake hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeiweka roho ya mama yangu nyuma ya shukrani za mtu.

Aliporudi nyumbani nikaanza upya. Nilichukua simu nikaenda kukaa na majirani zake watatu wanaobandika chapati pamoja kila alasiri, nikawaonyesha video zangu za zamani. Safari hii sikuitazama simu, niliwatazama wao. Kwenye tarabu walitikisa vichwa wakaanza kuzungumza harusi ya Jumapili. Kwenye kongosho mmoja aliondoka kwenda kugeuza chapati. Lakini palipotokea mwanamke anayetia chumvi nyingi kwenye maji ya mtoto, wote watatu waliruka: "We! We! Unamuua huyo!" Basi nikaelewa. Mtu wa kwetu utamchosha kwa mafunzo, lakini muonyeshe mwenziwe anayekosea jikoni, hatoondoka mpaka amsahihishe.

Kwa hiyo video mpya ingeanza na kosa. Nilimuomba mama mkono wake tu, ukiitia dawa chini ya barafu. Yeye akataka aonekane mzima, tena atoe salamu.

"Moja tu, mama. Fupi."

"Assalamu alaykum ina urefu gani? Usinkate mie."

Akavaa kanga mpya. Nikaanza kurekodi. Alifunua friza, akakifukia kichupa kitupu katikati ya barafu, akageuka. "Assalamu alaykum. Hivi ndivyo nlivyofanya mie, nkalazwa. Mwanangu alinieleza mapema, mie ndo skusikiliza. Msiwe kama mie."

Hatukukubaliana maneno hayo. Nikazima simu.

"Mama, si kweli. Nilikutumia video mbovu. Kosa ni langu."

"Najua," akasema, huku akizipanga upya barafu zake. "Nlijua tokea hospitali. Lakini wakisikia wewe ndo umekosea, nani atakutazama tena? Mie mtu mzima, mie watansamehe. Haya, washa."

Miaka yote ya "nzuri sana" ilikuwa ni mapenzi, na mapenzi hayo yalikaribia kumuua, na bado alikuwa anataka kunifunika nayo. Niliegemeza simu kwenye tungi, nikaiwasha, nikaenda kusimama kando yake, ndani ya picha, mahali ambapo sikuwahi kusimama katika kazi yangu yote.

"Mama hakukosea," nikasema. "Mimi ndiye niliyelichelewesha neno. Neno lenyewe ni hili: dawa ya sindano ya kisukari isigande. Kama iko kwenye friza, usijichome nayo. Nenda hospitali ukapewe nyingine, leo."

Hapo nikaanza kulia. Mama akanivuta akanikumbatia, mikono yake baridi kwa barafu, akaninong'oneza sikioni, "Haya, kata sasa, watu wasituone tunalia."

Sehemu hiyo sikuikata.