Mashina Matatu ya Scola

Scola aliipinga bangi mbele za watu, na bangi hiyohiyo ikampeleka jela. Anayetaka kucheka acheke. Sisi wa Singe tulishacheka kabla yake, na mimi nilicheka kuliko wote.

Alikuwa na miaka sitini na moja. Mtoto wake ni mmoja tu, Rosa, aliyeolewa Dareda na haji mpaka aitwe mara tatu. Mume wa Scola, Nestory, alipata kiharusi miaka minne iliyopita, upande wa kulia ukafa, na tangu hapo hakuna aliyemwogesha wala kumlisha isipokuwa Scola. Waliishi kwa kuku. Ugonjwa wa mdondo ukipita mtaani na kumaliza mabanda ya wengine, kuku wake walibaki wakiparura uani. Dawa yake wala haikuwa siri. Nyuma ya nyumba, katikati ya mbaazi, alikuwa na mashina matatu ya bangi. Alitwanga majani akayachanganya kwenye maji ya kuku, kama alivyofanya mama yake kule Mbulu. Nusu ya wanawake wa mtaa huu tunafanya hivyo, hata kama Jumapili tunajifanya hatujui. Lakini kuivuta? Ukimwambia Scola kuna watu wanaivuta kwa raha zao, alitema mate chini.

Mwaka jana alikuja Evelyne, mwanasheria kijana kutoka Arusha, na watu wa shirika lake. Walitaka wananchi wajadili kama bangi ya starehe iruhusiwe au iendelee kukatazwa. Mdahalo ukafanyika kwenye ukumbi wetu wa kigango, na hapo ndipo Scola alipopotea. Ukumbi ule tumezoea kukaa kila wiki kwa ajili ya jumuiya. Tunafungua kwa sala, na anayesimama kusema anaanza na ya nyumbani kwake kabla hajagusa ya jirani. Linalosemwa mle halitoki nje. Siku ile viti vilikuwa vilevile, watu walewale, na sala tulisali.

Vijana walisema pombe inaua zaidi na hakuna anayeikataza. Wazee wakasema vijana wameshaoza bila ruhusa, wakiruhusiwa itakuwaje? Evelyne akasema, "Jisikieni huru, kila mtu atoe maoni yake." Scola akasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," tukaitikia.

"Mimi naanza na kwangu. Ninayo mashina matatu kwenye mbaazi, ya kuku. Miaka arobaini ninayo, na sijawahi kuiweka mdomoni. Hiyo ni dawa ya mifugo, jamani! Mtu mzima anakula dawa ya kuku ili afurahi? Mkatalieni kabisa huyo. Isiruhusiwe."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa kanga, hata sikumjali mtu wa mbele yangu aliyekuwa ameinua simu. Zikapigwa kura za mikono, waliopinga wakashinda, na Scola akapewa mikono ya pongezi kwamba ndiye aliyewashindia. Alirudi kwa Nestory akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa miaka.

Video ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Siku ya tatu polisi wakaja. Scola alikuwa ameenda kuchota maji, na mbaazi zilikuwa zimepita kimo cha mtu. Walizunguka mle bila kuona kitu, mkubwa wao akaja uani kwangu.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye jirani, unajua yalipo. Tuonyeshe, la sivyo tunapekua nyumba moja baada ya nyingine."

Nami nilikuwa na shina langu moja nyuma ya choo. Nikanyoosha kidole. Sikusema neno, nilinyoosha kidole tu mpaka wakafika penyewe. Walipoondoka na Scola, ndoo yake ikiwa bado imejaa mlangoni, niling'oa langu nikalichoma chini ya sufuria ya maharage.

Mahakamani hakukana. "Nilishasema mbele ya sala, nitageukaje?" alimwambia hakimu. Sheria haikuacha nafasi ya kumhurumia mtu wa namna hiyo. Miaka thelathini. Evelyne alituma ujumbe kwamba amesikitika sana. Mtaani wakasema ulimi uliponza kichwa, kisha wakaendelea na palizi.

Nestory nilibaki kumtunza mimi, palepale kwake. Msinisifu, nilijua kwa nini. Kila asubuhi nilimpelekea uji, na kila asubuhi aliuliza, "Scola yuko wapi?" Nikamjibu ameenda mnadani na kuku. Kuku wenyewe walikuwa wameshakufa wote kwa mdondo, wake na wangu. Mwezi uliopita nilichoka kudanganya. Nikaketi kando ya kitanda nikamwambia yote: miaka thelathini, polisi, kidole changu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipompelekea kijiko mdomoni, akageuza uso ukutani.

Si kwamba hataki kula. Paskalina wa nyumba ya chini alipita Jumapili akamlisha bakuli zima, likaisha. Lakini Paskalina ana mashamba yake, na Rosa nimempigia simu mara nne. Kwa hiyo naenda na uji asubuhi, narudi nao. Kutoka kwangu hapokei hata maji, na mwingine wa kumletea hayupo.