Abiria wa Ikola

Marsela alizaliwa Karema, hatua mia mbili kutoka ziwani. Angezaliwa Usevya huenda angelima mpunga wake kwa amani na kuzeeka na jina safi. Bahati mbaya alizaliwa karibu na maji.

Kuogelea hakufundishwa na mtu. Mama yake alikuwa anaanika dagaa mchangani, mtoto kawekwa kivulini, mtoto akatambaa, akaingia majini. Alipotolewa ndipo akalia. Alipokua, masista wa misheni walimkataza kuogelea karibu na wavulana, akatii kwa kuogelea mbali kabisa, kule ambako mvulana mwenye akili hafiki kwa kuogopa mamba. Mamba wa Karema nao inaonekana walikuwa wamebatizwa. Hawakumgusa.

Sifa zake zilianza mwaka 1971, asubuhi ambayo wavu wa mumewe Melkior ulikatika ukachukuliwa na upepo. Wanaume sita walikaa mchangani kujadili mtumbwi wa nani hauvuji. Wakati wanaelekea kuafikiana, Marsela alikuwa anarudi kutoka nje ya rasi, kamba ya wavu kaiuma kwa meno. Melkior alishukuru, kisha akanuna wiki nzima, kwa sababu tangu siku ile watu walimwita mume wa Marsela.

Basi akawa na kazi. Boya likipotea, aitwe Marsela. Kasia likielea, aitwe Marsela. Siku moja alimfuata mbuzi aliyeanguka kutoka kwenye mashua, na mbuzi akaja nchi kavu amempanda mgongoni kama bwana shauri wa enzi za wakoloni. Jumapili, baada ya misa, alibandika wali, akaogelea hadi kijiji cha pili, akarudi kabla haujaungua. Huyo ndiye mwanamke ambaye mwaka 1976 alisikia kwamba kamati fulani huko mbali inatafuta waogeleaji wa masafa marefu. Atakayetoka Ikola hadi Karema bila kushika chombo chochote, jina lake litaingia kwenye orodha ya taifa, na ataitwa Dar es Salaam kushindana na wenzake.

Dar es Salaam Marsela hakuwa na shida nayo. Alichotaka ni ile orodha. Alitaka jina lake liandikwe mahali pengine zaidi ya kitabu cha ubatizo na kile cha ndoa, ambamo hakuna anayeulizwa ameweza nini.

Kamati ilimtuma bwana mmoja, akaja kwa treni hadi Mpanda, kisha kwa Landrova hadi Ikola, filimbi shingoni. Watu wakamwita Bwana Filimbi na jina la baba yake likasahaulika siku hiyohiyo. Alizijua kanuni zote za kuogelea. Maji yenyewe alikuwa hajayapima zaidi ya yale ya beseni. Aliuangalia mtumbwi utakaomsindikiza Marsela, akaliangalia ziwa, akasema yeye atazunguka kwa gari ili akaandae mapokezi. Nafasi yake ya shahidi akampa mpiga kasia, Krispini. Akamwambia, wewe ndiye jicho la kamati.

Jambo ambalo Bwana Filimbi hakulijua, na hakuuliza, ni kwamba Krispini na Marsela walikuwa watani. Koo zao zilikuwa zinazikana tangu enzi za mababu. Mtani wa namna hiyo atakuita mchawi siku ya harusi yako, atabeba jogoo wako mchana kweupe, na ukikasirika mwenye makosa ni wewe. Msibani ndiyo usiseme. Mtani anashuka kaburini, analala, hatoki mpaka wafiwa wampe anachotaka.

Waliondoka Ikola saa kumi na moja alfajiri. Marsela alikuwa kapakwa mawese mwili mzima, anang'aa kama kitumbua. Krispini alimpa uji kwa kibuyu kilichofungwa kwenye ncha ya upondo, na matusi bila kibuyu. Alimwambia ziwa limemchoka. Alimwambia Melkior saa hizi anapokea barua ya posa kutoka kwa mwanamke anayekaa nchi kavu. Marsela alicheka, akameza maji, akaendelea.

Saa sita upepo wa kusi ukaamka, ukawajia usoni. Bega la kushoto la Marsela likakataa kazi. Mtumbwi ulikuwa karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono tu. Krispini akaacha matusi. Akainama ukingoni akasema taratibu, "Usishike, dada. Nakuona. Usishike."

Hakushika. Saa nane mchana alitambaa kwenye mchanga wa Karema kama alivyotambaa utotoni, na watu wakapiga vigelegele mpaka njiwa wa padre wakaruka.

Bwana Filimbi akapuliza filimbi, akafungua daftari, akamwita jicho la kamati mbele ya watu wote. Akauliza kama mwogeleaji alishika chombo.

Hapo umati ukamgeukia Krispini. Mtani anaulizwa habari za mtani wake, hadharani, siku ya utukufu wake. Angejibu vizuri wangemcheka mwaka mzima.

"Kushika?" akasema Krispini. "Huyu alipanda. Alilala akakoroma mpaka migebuka wakahama ziwa. Mimi nimewaletea abiria."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Marsela mwenyewe, kalala mchangani, alicheka akishika bega. Bwana Filimbi hakucheka. Alidhani hivyo ndivyo watu wa huku wanavyomzomea mwizi. Akaandika: *Alipanda. Alilala.* Akaingia kwenye gari.

Barua ilikuja baada ya wiki sita. Mwogeleaji amefutwa, tena asijaribu kwa miaka mitano, kwa kosa la kusafiri kwa chombo. Marsela hakukasirika. Aliipeleka kwa Krispini akiwa bado anacheka, amwambie aandike mistari miwili kwamba ule ulikuwa utani.

Krispini alikuwa uani anapangusa baiskeli mpya. Kamati ilikuwa imempelekea, pamoja na cheo cha msimamizi wa michezo wa tarafa, kwa kuwa ni mtu mkweli asiyependelea hata jirani yake. Aliisoma barua mara mbili, ingawa ilikuwa fupi.

"Nikisema nilitania, nitaonekana mwongo," akasema.

"Na mimi sasa naonekanaje, mtani?"

Krispini akaendelea kupangusa spoku kwa kitambaa. Na ule ndio ulikuwa usaliti wenyewe, maana maneno ya mchangani yalikuwa haki yake. Kitambaa kile hakikuwa haki yake.

Hakuandika. Mwezi wa kwanza Marsela aliwaeleza watu. Mwezi wa pili watu walianza kusema, kamati nzima haiwezi kukosea. Mwezi wa tatu wakamwita Abiria. Hata wanawake waliokuwa mchangani siku ile, waliomfuta mawese kwa kanga zao wenyewe, walimwita Abiria. Akaacha kuogelea. Boya likipotea, lipotee.

Mwaka 1979 akafa Kasilda, mama yake Krispini. Kaburi likachimbwa, jeneza likaletwa, padre akafungua kitabu. Marsela akapita katikati ya wafiwa, akavua kandambili, akashuka, akalala chali.

Watu wakafurahi. Msiba ulikuwa umekosa watani. Wakamletea jogoo, akakataa. Wakaongeza chumvi na kitenge, akakataa. Jua likapanda, padre akafunga kitabu. Krispini akasogea ukingoni, macho mekundu, amuulize anataka nini.

"Sema ukweli," akasema Marsela kutoka chini. "Nilishika au sikushika?"

Krispini aliangalia jeneza la mama yake. Aliangalia ile baiskeli, iliyoegemezwa kwenye ukuta wa kanisa.

"Hakushika," akasema. "Aliogelea yote, Ikola mpaka hapa. Hakugusa hata kasia. Mimi ndiye niliyedanganya, na baiskeli nikaichukua. Toka, dada, nimzike mama."

Kisha mtu mmoja nyuma akaguna, wa pili akashindwa kujizuia, na makaburi yote yakalipuka kwa kicheko. Walisema hawajawahi kuona mfiwa akimjibu mtani vizuri namna ile, tena na machozi juu. Padre mwenyewe alijificha nyuma ya kitabu.

Marsela akapanda juu, udongo mgongoni. Krispini alikuwa analia kweli, na hilo nalo liliwachekesha.

Baadaye walikaa kula. Theopista, jirani wa Marsela wa miaka mingi, ndiye aliyekuwa anagawa. Alipofika kwa Marsela alichota kipande kikubwa cha nyama, akageuka kuwaambia wenzake wa sufuriani.

"Huyu Abiria muongezeeni mchuzi," akasema. "Leo ametufanya tucheke."