Masale ya Mama Nice

Mama Nice ni Mchaga wa Rombo, ana duka la vitenge Kariakoo, na ni mpangaji wangu mwaka wa kumi na tatu sasa. Jina lake la ubatizo ni Mektilda. Mimi ni Badria. Nyumba hii ya Mchikichini ni ya marehemu baba yangu, na maji ya uwani nayajua tangu utoto. Masika yakipita mtaa mzima unakauka, sisi tunabaki na tope wiki nzima, na ukilikanyaga kwa kandambili, inabaki humo humo.

Alianza kwa kupanda migomba, nikamwambia itaoza, akaipanda. Ilioza. Nilifurahi kidogo, sitadanganya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mgomba unataka maji yanayopita, si maji yanayolala.

Kisha akaanza masale. Ni mmea wa majani marefu, kwao umejaa kwenye mipaka ya mashamba. Mtu akimkosea mwenzake huchuma jani moja, isale, akalifunga fundo, akampelekea kuomba msamaha, na aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Kila mwaka Mama Nice aliagiza vipandikizi, vikaja na basi vimefungwa kwenye gazeti. Alivipanda palepale penye dimbwi. Vikawa vya njano, vikalainika, akaagiza vingine.

Siku moja nilichoka kutazama. Nikachimba shimo la kina cha mkono, nikamwaga ndoo ya maji, nikamwita.

"Twende tukanywe chai kwanza. Tukirudi tukakuta maji bado yapo, hapo usipande kinachoogopa maji."

Tulikunywa chai, tukapiga soga, tukarudi. Maji yalikuwa yametulia shimoni kama yamepanga chumba.

"Hapa weka magimbi, yatashukuru," nikamwambia. "Pembeni, palipoinuka, matembele. Pale kona hata mchikichi utakubali. Masale yako unayataka? Inua tuta mpaka magotini, mchanga na mboji, uyapande juu."

Magimbi aliyapanda, yakatoa majani mapana ya kumfunika mtoto. Matembele tunakula mpaka leo. Tuta hakuinua. Leo mgongo, kesho mzigo umefika, keshokutwa mvua. Mwanamke anayebeba robota za vitenge anashindwa na toroli tatu za mchanga? Nikapandwa na hasira, nikaita mkokoteni, nikalijenga tuta mwenyewe.

Masale yakashika. Yalichipua, yakarefuka, yakang'aa. Nilitegemea angeshangilia. Badala yake akawa anapita uwani bila kuyatazama, na jioni anakaa mlangoni akiangalia upande wa barabara.

Desemba ikafika. Wachaga wa Kariakoo walianza kufunga maduka, mabegi yakatoka, kila mmoja anapanda nyumbani kula Krismasi. Mama Nice hakufunga. Ilikuwa Krismasi ya tisa hajaenda kwao, na ukimuuliza anasema biashara. Jirani zake wa duka walipokuja kumuaga, aliwapa salamu kwa ukoo mzima, jina kwa jina, kisha akatoka uwani.

Nikamfuata uwani.

"Mama Nice, jani hili ni la nani?"

"Si la mtu. Ni pambo."

"Mficha uchi hazai. Sema."

Akasema akiwa amesimama kando ya tuta. Mdogo wake, Josepha, alimuuguza mama yao miaka sita, akimgeuza kitandani, akimlisha. Yeye alikuwa huku, anatuma hela. Siku ya mazishi, mbele ya waombolezaji wote, alimwambia Josepha, "Wewe ndiye uliyemuua mama."

"Nilikuwa na uchungu, Bi Badria. Nilijua hata wakati naongea kwamba ni uongo."

"Na masale ya kwenu yameisha, mpaka uyaoteshe kwenye tope langu?"

Hapo nikaelewa kwa nini tuta lilimshinda. Jani lisipoota, hana cha kupeleka. Niliumia kwa ajili yake, maana niliona jinsi anavyompenda huyo mdogo wake na jinsi anavyomwogopa.

Nikamwomba namba. Aliijua kwa kichwa. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, nikampa simu.

"Haloo?"

Mama Nice akaishika simu kwa mikono miwili, anahema tu.

"Shikamoo, dada," ikasema ile sauti.

Nilimfinya mkono mpaka akatoa "marahaba", nayo ilitoka na kilio.

"Josepha, nina isale. Limeota. Nililolisema siku ile..."

"Lete usilete, dada, wewe njoo tu. Kila Desemba nakutandikia kitanda. Januari nakitandua."