Bao la Nne

Wilma Henhawk alikuwa mwanamke wa kutegemewa, na hilo ndilo lililokuwa likimchoma. Msiba ukitokea Ohsweken, kijiji chao cha wenyeji asilia huko Kanada, yeye ndiye wa kupigiwa simu aje apike. Mtoto akikosa wa kumchukua shuleni, Wilma. Na ligi ya lakrosi ya watoto ilipokosa mwenyekiti, kwa kuwa kila mtu alitaka kufundisha timu na hakuna aliyetaka kupanga ratiba, ni Wilma tena. Mtu wa kutegemewa hushukuriwa. Hashangiliwi. Aliyeshangiliwa, tangu wakiwa watoto, ni mdogo wake, Arlis.

Baba yao alikuwa mchongaji wa fimbo za lakrosi, zile za mti wa hikori zenye wavu kichwani wa kudakia mpira. Siku za mechi alipakia fimbo garini, akamwinua Arlis, akamweka kiti cha mbele. Wilma alipokimbilia mlango, aliambiwa, "Wewe mkubwa, baki umsaidie mama." Akabaki jikoni akiosha mahindi meupe kwa maji ya majivu mpaka maganda yakaelea. Arlis alirudi sauti imemkauka kwa kelele, mifuko imejaa peremende alizopewa na wachezaji, na hadithi zisizokwisha. Baadaye Arlis huyo huyo akaolewa na kipa ambaye kila nyumba kando ya mto ilimjua, mabinti zake nao wakaolewa na wachezaji, na uani kwake hapakukauka magari ya wageni. Wilma aliolewa na Vern, fundi bomba, mtu mpole asiyependa makundi, ambaye alikufa kimya kama alivyoishi.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Wilma alikuwa nazo, tena tele, na alizitunza vizuri.

Kila mmoja wao alikuwa na mjukuu wa miaka kumi, mtoto wa binti yake. Wa Arlis aliitwa Dallas. Wa Wilma aliitwa Emery, na aliishi naye kwa sababu mama yake alikuwa na kazi Toronto na alirudi mwisho wa wiki tu. Kwa desturi yao mjukuu wa dada yako ni mjukuu wako. Watoto wote wawili walikuwa wa ukoo wa Kobe kwa upande wa mama, na kila mmoja aliwaita wanawake wote wawili bibi, pasipo kuongeza neno. Wilma aliijua desturi hiyo kuliko wengi, hata aliwafundisha watoto wa wenzake. Moyo wake tu ndio ulikuwa haujafundishika.

Ligi ile ilikuwa ya kujifurahisha. Majira ya joto, barafu ya michezo ya baridi ikishaondolewa kwenye sakafu ya ukumbi, watoto walikimbizana juu ya saruji tupu, kuta zikiwa pande zote, na joto la humo ndani kama la tanuri. Mtoto hakufanyiwa mtihani wa kuingia. Aliyejiandikisha alicheza, na alicheza zamu sawa na mwenziwe, awe hodari au awe mtu wa kuangusha mpira. Ukimsukuma mwenzako mgongoni, unakaa nje. Mzazi akimtukana refa, anakwenda kumalizia matusi yake kwenye maegesho. Sheria hizo Wilma aliziandika kwa mkono wake, na zilikuwa nzuri.

Kisha Dallas akafunga mabao manane katika mechi moja.

Wilma alikuwa pale pale, kwenye meza ya saa ya mchezo, akihesabu mabao. Kila bao lilipoingia, sauti ya Arlis ilishuka kutoka jukwaani juu ya sauti zote: "Huyo ni wangu! Mnamwona? Huyo wangu!" Na Emery, aliyekuwa timu nyingine, alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, kofia ya chuma imemlemea, akitazama mpira ukipita mbali naye.

Wiki iliyofuata Wilma aliita kikao. Kamati ilikuwa ya watu watatu: yeye, Cheyanne aliyefundisha timu ya jezi za rangi ya machungwa, na Stuart Maracle, refa, mzee mwenye tumbo na utani.

"Napendekeza mtoto asifunge zaidi ya mabao matatu kwa mechi," alisema Wilma. "Akifunga la nne lisihesabiwe, na mpira wapewe wapinzani. Wengine nao wapate."

"Mimi naunga mkono," alisema Cheyanne. "Wangu wawili wameanza kulia njiani wakija."

Stuart alikuna kidevu. "Sheria hii ina jina la mtu?"

"Ina jina la watoto wote."

"Mh. Na watoto wote hao wanaitwa Dallas."

Walicheka, sheria ikapita. Wilma alikwenda nyumbani moyo mweupe, akiwa amejisadikisha kwamba ametenda haki. Na kwa kweli ilikuwa haki. Shida ni kwamba alifurahi kupita kiasi.

Arlis alimjia Jumamosi, Wilma akiwa ameinamia sufuria la supu ya mahindi nje ya ukumbi.

"Dada, ungenipigia simu tu. Ungesema, 'Arlis, mjukuu wako ananiumiza macho,' yakaisha."

"Ni kwa ajili ya wasioufikia mpira."

"Kama Emery?"

"Sijamtaja Emery."

"Ndiyo, hujamtaja. Humtaji kabisa." Arlis alijipakulia supu bila kukaribishwa, akaonja. "Chumvi kidogo," akasema, akaondoka na bakuli.

Wilma alitarajia Dallas atapungua. Hakupungua. Mtoto akishafunga matatu yake, alianza kuwatafuta wenzake. Alipita katikati ya wapinzani watatu kama maji, kila mtu akisubiri apige, kisha akampenyezea mpira mtoto aliyesahauliwa upande wa pili. Watoto ambao hawajawahi kufunga wakafunga. Mama zao walimkumbatia Arlis kwenye ngazi. Hata Stuart alisema, "Wilma, umemfanya mtoto wa mdogo wako kuwa mchezaji kamili. Asante." Alisema kwa nia njema, na Wilma hakupata usingizi mzuri siku hiyo.

Katikati ya msimu timu zilichanganywa upya ili zilingane, kama sheria zilivyotaka, na kura ikamtupa Emery kwenye timu ya Dallas. Basi Emery akaanza kwenda kwa Arlis baada ya shule, wakirusha mpira kwenye ukuta wa ghala. Alirudi amelowa jasho, miguu imeumwa na mbu, mdomo haufungi.

"Bibi Arlis anasema mikono yangu ni mizuri."

"Mikono yako ni mizuri tangu umezaliwa. Kanawe."

"Anasema nisiufukuze mpira. Niungoje mahali utakapokuja."

"Nimesema kanawe."

Alimsikia akiimba bafuni. Huko nyuma hakuwa mtoto wa kuimba. Mtu mwingine angeshukuru. Wilma alikaa mezani, akahesabu siku ambazo mtoto yule amekula chakula cha jioni kwa mdogo wake.

Mwezi wa saba ukaja na siku ya mashindano. Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi, mikate ya kukaanga ikanukia kila pembe. Timu ya wavulana wale wawili ilicheza na watoto wa Cheyanne. Dallas alifunga matatu mapema, akaanza kazi yake ya kugawa. Kipindi cha mwisho alizunguka nyuma ya goli, akamwona Emery amesimama upande wa mbali, peke yake, fimbo juu, anangoja. Dallas akarusha. Mpira ukapita juu ya mabega ya mabeki, Wilma akaona wavu wa fimbo ya Emery ukitikisika, akaona mpira ukibadili njia na kwenda chini. Ukaingia.

Bao la kwanza katika maisha ya Emery.

Lakini kipa na beki walikuwa wameangukiana, Stuart hakuona vizuri. Akapiga filimbi, akaja mezani, jasho likimtiririka. "Wilma, nilizibwa. Mtoto aliugusa? Kama aliugusa ni bao lake. Kama hakuugusa ni la nne la Dallas, halipo."

Wilma alifungua mdomo aseme ndiyo. Hapo akainua macho. Arlis alikuwa ameshashuka nusu ya jukwaa, mikono hewani, akipaza sauti ile ile: "Emery! Emery wangu!" Na Emery, kofia imepinda, uso wote meno, alikuwa ameelekeza fimbo yake huko juu kwa Arlis. Hakuitazama meza. Wala hakugeuka.

"Hakuugusa," alisema Wilma.

"Una hakika?"

"Niliona. La nne."

Stuart aliashiria kwamba bao limekataliwa. Ukumbi ukanung'unika, kisha ukatulia, kwa sababu aliyesema ni Wilma, na Wilma ni wa kutegemewa. Emery alikuja hadi kwenye meza.

"Bibi, niliugusa."

"Rudi mchezoni."

Nyuma yake alikuja Dallas, amevua kofia. "Bibi, mimi sikupiga goli. Nilimpa yeye."

"Nimesema rudini mchezoni!"

Alitazama juu akiwa tayari kwa vita. Arlis alikuwa amekaa. Hakupiga kelele, hakumnyooshea kidole. Alimtazama tu dada yake, na hilo Wilma hakuwa amejiandaa nalo.

Timu yao ilishinda hata bila bao lile, kwa hiyo hakuna mzazi aliyelalamika. Aliyepoteza kitu alikuwa mmoja, na alikaa karibu na Wilma garini, fimbo katikati ya magoti.

"Labda sikuugusa," alisema Emery mwishowe. "Labda nilidhani tu."

Wilma alishika usukani. Akawasha taa, akaongeza mwendo.

Siku zilizofuata Emery hakwenda kwa Arlis. Aliiweka fimbo nyuma ya mlango, akawa anashinda nyumbani. Wilma alikuwa amepata alichokitaka. Siku ya tatu mtoto aliingia jikoni, akakunja mikono ya shati.

"Sitaki kucheza tena, Bibi. Wewe uko peke yako sana. Nitakusaidia kuosha mahindi."

Alitumbukiza mikono ndani ya beseni, akaanza kusugua punje taratibu, kichwa chini, bila kinyongo. Wilma alimtazama. Kisha akamtoa mikono majini, akaikausha kwa aproni yake.

"Vaa viatu. Twende kwa bibi yako."

Arlis alikuwa uani anaanika nguo kambani, Dallas akirusha mpira ukutani peke yake. Wilma alisimama kwenye nyasi.

"Arlis, nina neno. Siku ile niliona. Aliugusa."

"Unaniambia mimi ya nini?" Arlis hakugeuka kutoka kwenye kamba. "Ukumbi mzima uliona. Yuko mtu mmoja tu hapa ambaye hajui, na si mimi."

Wilma akageuka. Ni rahisi kusimama mbele ya mkutano kuliko mbele ya mtoto wa miaka kumi.

"Emery, uliugusa mpira. Lilikuwa bao lako, zuri, safi. Niliona kwa macho yangu, nikasema uongo."

Mtoto alimtumbulia macho. Dallas aliacha kurusha.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulifurahi ukamtazama Bibi Arlis. Nilitaka unitazame mimi."

Uso wa Emery ulianza kukunjamana, na hasira aliyoikalia siku zile zote ikatoka. "Yeye ndiye alikuwa ananitazama! Wewe unatazama saa! Kila mechi unatazama saa!"

"Kweli," alisema Wilma.

"Mimi nilidhani naumwa macho! Nilidhani mikono yangu inanidanganya!"

"Kweli, mwanangu. Nisamehe."

Hakusema amesamehe. Alichukua mpira kutoka kwa Dallas, akaurusha ukutani kwa nguvu zote, akaudaka, akaurusha tena. Dallas alimwachia nafasi. Arlis alimtupia dada yake vibanio vya nguo, wakaanika shuka pamoja, huyu upande huu na huyu upande ule.

"Unajua baba alivyokuwa akinipakia garini," alisema Arlis baadaye, "nilikuwa nakuona dirishani."

"Ukapunga mkono?"

"Nikatoa ulimi."

"Mbwa we."

Arlis alicheka mpaka akashika kamba.

Wilma alikwenda kwa Stuart kumwomba bao lirudishwe. Stuart alimsikiliza hadi mwisho, utani wote umemtoka, kisha akatikisa kichwa. "Uamuzi wa meza ni wa mwisho. Sheria hiyo uliiandika wewe, ili watu wasije kunigombeza nyumbani kwangu. Siwezi kuivunja eti kwa sababu ni wewe." Basi bao halikurudi. Wilma aliachia meza, Cheyanne akaishika. Sheria ya mabao matatu alijitolea kuifuta, ila watoto wenyewe walikataa, na wa kwanza kukataa alikuwa Dallas.

Emery alirudi uwanjani, lakini alimnunia bibi yake karibu mwezi mzima. Alijibu anachoulizwa, basi. Wilma alivumilia. Alikaa jukwaani na Arlis, mahali pageni kwake, hajui aweke wapi mikono. Siku ya mechi ya mwisho Emery alifunga bao. Lilikuwa baya: mpira ulimgonga kipa kwenye goti, ukajiviringisha kama mlevi hadi ndani. Wilma akasimama na kupiga ukelele, ukatoka umekwaruza.

"Mungu wangu," alisema Arlis. "Unalia kama gari lililogoma kuwaka."

Emery aliwatazama wote wawili, kisha akakimbilia wenzake.

Mechi ilipokwisha, watu waliopita kwenye ngazi walimpiga Arlis begani: hongera kwa wavulana wako, wote wawili. Kidude kile kile cha wivu kikamchoma Wilma mahali pale pale. Hakushangaa. Alikinyanyua chombo chake cha supu, akawaambia wavulana wabebe fimbo zao, na wote wanne wakatoka kwenye jua.